Nesi na daraja, wapi na wapi?

1.
Tangu niseme kwamba wiki hii naandika kuhusu daraja, ujumbe umekuwa mwingi. "Nesi, turudi kwenye chanjo na uji wa lishe. Madaraja waachie mainjinia."

Mama mwenzangu, uji tutaurudia. Leo nakuomba usipite tu. Nina jambo moja la kusema na nitalisema waziwazi: daraja la waenda kwa miguu na baiskeli juu ya Mto Msimbazi ni huduma ya mama na mtoto, sawa na chanjo, sawa na kitanda cha kujifungulia. Bonde lile linapangwa upya hivi sasa, kwa hela nyingi, na sisi tunaovuka kwa miguu tumekaa kimya kama vile wageni.

Anayebisha asome mpaka mwisho, halafu abishe. Nafasi ipo.

2.
Tuanze na ramani, maana wengi tunaishi Dar lakini mto wetu tunaukumbuka ukifurika tu.

Msimbazi unatoka vilima vya Pugu huko, unashuka katikati ya jiji na kumwaga baharini pale Selander. Njiani unakata jiji vipande viwili. Upande huu Kinondoni, Hananasif, Magomeni, Kigogo. Upande ule Upanga, Jangwani, Mchikichini, Ilala, Buguruni.

Sasa hesabu madaraja makubwa ukitokea baharini kupanda juu. Tanzanite. Selander. Jangwani kwenye Barabara ya Morogoro. Barabara ya Kawawa. Halafu mpaka Mandela huko. Kila moja lipo pale kwa sababu ya barabara kubwa ya magari. Hata Tanzanite, lililoanza kutumika 2022, kilomita 1.03 juu ya bahari, zuri hasa, tunapigia picha za harusi. Njia ya miguu pembeni lina, sikatai. Lakini lilijengwa kupunguza foleni ya magari ya kwenda na kutoka Oysterbay. Hakuna aliyekaa mezani akauliza: mama wa Hananasif anataka kwenda wapi?

Mimi najua anataka kwenda wapi. Anataka kwenda Muhimbili kumpelekea mgonjwa wake uji asubuhi. Muhimbili ipo ng'ambo ya bonde, upande wa Upanga. Ukisimama Hananasif, Upanga unaiona kwa macho. Lakini kufika ni ushuke Mkwajuni, Magomeni, uvuke Jangwani, halafu urudi nyuma tena, au uzungukie Selander. Na mama wa Kigogo, hospitali ya Amana ipo Ilala, ng'ambo tu ya mto. Soko la Ilala ng'ambo. Mitumba ya Karume ng'ambo. Maisha yake nusu yapo ng'ambo, na njia zote zinamwambia: zunguka.

3.
"Kuzunguka kidogo si kitu, nesi." Haya, njoo nikuonyeshe kazini kwetu.

Kwenye uuguzi tunafundishwa kitu kinaitwa ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza ni nyumbani, kuchelewa kuamua kwenda hospitali. Wa pili ni njiani, kuchelewa kufika. Wa tatu ni kwetu, kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Mama anayefariki kwa uzazi mara nyingi amekutana na mmojawapo, au na yote matatu.

Wa kwanza tunausema kila siku kliniki: dalili za hatari, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, damu, maji kupasuka. Wa tatu mnatusema nyie, na mna haki. Wa pili nani anausemea? Huu ndio uliobaki yatima. Mapokezi karibu kila hospitali utasikia, "Mama, ulikuwa wapi muda wote huu?" Alikuwa njiani! Alikuwa anatafuta bodaboda akiwa na uchungu, anabishana bei, anazungushwa.

Damu inayotoka kwa wingi baada ya kujifungua inaweza kumaliza mtu ndani ya saa mbili. Kifafa cha mimba hakisubiri foleni. Na mtoto mchanga anayeharisha na kutapika anakauka maji wakati wewe bado unatafuta nauli.

Tuache dharura. Chukua kadi ya kliniki ya mtoto wako uisome: chanjo akizaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, halafu surua na rubela miezi 9 na tena miezi 18. Katikati hapo kila mwezi uzito. Mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, kila tarehe ya kadi ni safari. Akipiga hesabu ya nauli mbili kwenda, mbili kurudi, kuna mwezi atasema "mwezi ujao". Miezi ujao ikiwa miwili, chanjo imerukwa. Huyo mama si mzembe. Amepiga hesabu tu, na hesabu imemkataa.

4.
Hapo bado mvua.

Desemba 2011 sote tunaikumbuka. Watu zaidi ya 40 walikufa Dar es Salaam kwa mafuriko, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikasema mvua kama ile haijaonekana tangu 1954. Tangu hapo imekuwa desturi: mvua kubwa ikipiga usiku, asubuhi Jangwani imefungwa, mwendokasi haupiti, na jiji linazunguka.

Mwenye gari anazunguka. Analalamika, anachelewa ofisini, lakini anafika. Wewe unayetembea unafanya nini? Unajua mwenyewe. Unashuka kwenye kivuko cha mbao au cha magogo kilichofungwa na vijana wa mtaa, unalipa hela, unavua viatu, unamfunga mtoto kwa khanga mbili badala ya moja, unaomba Mungu. Maji yakizidi, kijana anakubeba mgongoni kama gunia, na bei inapanda kadiri maji yanavyopanda. Wale vijana siwalaumu hata kidogo. Wameona hitaji, wakajenga. Wamefanya utafiti wa usafiri bure, bila semina: palipo na kivuko cha mbao ndipo watu wanapotaka kuvuka.

Na yale maji siyo maji. Ni vyoo vilivyofunguliwa, ni taka, ni kila kitu. Kipindupindu cha mwaka 2015 kilianzia hapa hapa Dar, Kinondoni. Mama akivuka na kidonda mguuni, mtoto akinyonya kidole kilichochovywa mule, wiki inayofuata ninyi na sisi tunaonana wodini.

5.
Hoja ya kwanza ya wanaonipinga: "Tulieni, mradi mkubwa unakuja."

Ni kweli upo. Mradi wa Bonde la Msimbazi, hela ya mkopo wa Benki ya Dunia na wadau wengine. Jangwani panajengwa daraja jipya, refu na la juu. Wakazi wa bondeni wamelipwa fidia na nyumba nyingi zimeshavunjwa. Mpango unazungumzia kuzuia mafuriko na kuweka bustani kubwa ya jiji bondeni. Naunga mkono. Watu hawatakiwi kulala na watoto mahali ambapo maji yanaingia dirishani.

Lakini nisikilize kwa makini. Daraja la Jangwani ni la Barabara ya Morogoro. Litafanya mwendokasi upite na malori yapite. Mama wa Kigogo anayetaka kwenda Ilala halimhusu, na la Hananasif kwenda Upanga halijibu.

Na kuna kitu kingine ambacho sijasikia kikizungumzwa mtaani. Nyumba zikiondoka bondeni, na vichochoro vinaondoka. Njia zilizopita kati ya nyumba, vivuko vya mbao vilivyotunzwa na waliokaa pale, taa ya mlangoni kwa fulani iliyokuangazia saa mbili usiku, vyote vinaondoka. Bonde linakuwa pana, tupu. Bustani ni nzuri mchana kwa wenye muda. Kwa mama anayerudi sokoni jioni, bustani isiyo na njia ya kuvuka ni ukuta wenye nyasi.

Kwa hiyo njia za kuvuka zichorwe sasa, wakati michoro bado ni michoro. Zege likishamwagwa utaambiwa, "wazo zuri, awamu ijayo". Wewe umeshaona awamu ijayo ngapi?

6.
Hoja ya pili, hii inanikera: "Waswahili hawapandi madaraja. Angalia Manzese, daraja la juu lipo, watu wanakatiza chini."

Jamani, tutofautishe vitu. Daraja la kuvukia juu ya barabara linajengwa ili gari lisisimame. Mtu ndiye anayepanda ngazi, mtu ndiye anayezunguka, ili dereva apite bila kukanyaga breki. Unambebesha mjamzito wa miezi minane ngazi zote zile, halafu unashangaa kwa nini anakatiza? Nani kati yenu amewahi kupanda ngazi zile na ndoo kichwani na mtoto mgongoni? Pale mtu analinganisha hatua thelathini za chini na ngazi za kwenda mbinguni, anachagua chini. Ni hatari, ndiyo, na majeruhi tunawapokea sisi. Lakini kosa ni la mchoro.

Daraja la juu ya mto ni kitu kingine kabisa. Lenyewe halikuongezei safari, linaikata. Hakuna njia ya mkato ya kulishinda, kwa sababu lenyewe ndiyo njia ya mkato. Tena tuna ushahidi: watu wanalipa hela yao mfukoni kupita juu ya magogo mawili yanayotikisika. Utaniambia watu hao hao watakataa kupita bure kwenye zege lenye kingo?

7.
Hoja ya tatu: "Baiskeli? Dar nani anaendesha baiskeli?"

Anayekuletea mkate dukani. Anayeuza samaki. Fundi anayepita na jembe lake la kuchimbia msingi. Baba anayempeleka mtoto shule kwenye keria kisha anakwenda kibaruani. Huwaoni kwa sababu wanaendesha pembezoni mwa mtaro wakiogopa kugongwa, na wengi wameacha kwa sababu hiyo hiyo.

Mji wetu haujawaheshimu. Mwendokasi ulipoanza 2016 ulikuja na njia za baiskeli Barabara ya Morogoro, nzuri tu, leo zimejaa pikipiki na meza za biashara. Mwaka huo huo Daraja la Kigamboni lilifunguliwa, na kwenye orodha ya tozo baiskeli nayo ikaandikiwa shilingi 300. Baiskeli! Chombo kisichoharibu lami, kisichotoa moshi, cha mtu asiye na nauli. Halafu tunauliza kwa nini watu wanakopa pikipiki.

Wodini tuna watu wa presha na kisukari wa miaka thelathini na kitu. Tunawaambia, "fanya mazoezi, tembea." Watembee wapi?

8.
Hoja ya nne, ya kiofisi: "Hilo siyo letu, ni la wale."

Hapa ndipo kiini cha ugonjwa. Kigogo, Magomeni na Hananasif ni Kinondoni. Ilala, Mchikichini na Upanga ni Halmashauri ya Jiji, ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala mpaka 2021. Mto ndio mpaka. Kila halmashauri inapanga vizuri mpaka ukingoni, halafu kalamu inasimama. Barabara za mitaa za kila upande zinaishia majini kama vidole vilivyokatwa. Diwani wa huku hana kura ng'ambo, wa kule hivyo hivyo. Kwa hiyo daraja halina baba.

Lakini mama akiwa na uchungu hajui amevuka halmashauri. Na kisingizio hiki kimeshapitwa na wakati: TARURA ilianzishwa 2017 kusimamia barabara za mijini na vijijini, na ina meneja wa mkoa mzima. Yeye anaona kingo zote mbili. Aulizwe yeye.

Na "hela hakuna"? Daraja la kubeba watu na baiskeli halibebi lori la tani 30. Linahitaji chuma kidogo na zege kidogo kuliko la magari. Jirani zetu Rwanda wamejenga madaraja ya miguu ya kuning'inia kwa kamba za chuma vijijini, mengi tu. Nicaragua watafiti walifuatilia vijiji vilivyopata madaraja ya namna hiyo, wakakuta kipato cha watu hakianguki tena wiki za mafuriko. Najua Msimbazi siyo kijito cha kijijini, unajaa mchanga na taka na kingo zake zinahama. Ndiyo maana nasema upimwe na wenye taaluma. Siombi magogo mapya yenye rangi.

9.
Basi likichorwa, lichorwe kwa vipimo vya nani? Vyako. Soma hii na mwenzio, mnakili.

Lisiwe na ngazi. Kwa kila mita 1 ya kupanda, njia iteremke taratibu kwa urefu wa angalau mita 12, ndivyo kiti cha magurudumu kinavyoweza kupanda. Daraja likinyanyuka mita 3, hapo ni mita 36 za njia ya kupandia kila upande. Wakisema nafasi haitoshi, waambie bonde zima limeachwa wazi.

Liwe pana, baiskeli ipite na mama mwenye ndoo apite bila kusukumana. Kingo zifike kifuani kwa mtu mzima, na nondo zake zikaribiane chini ya sentimita 10, kichwa cha mtoto kisipenye. Likae juu ya kiwango cha mafuriko makubwa, siyo ya mwaka wa kawaida. Nguzo za katikati ya mto ziwe chache, maana Msimbazi unashuka na magodoro na magogo, vikikwama kwenye nguzo ni bwawa jingine.

Taa, zimulike daraja na njia ya kulifikia. Lisiwe na kona za kujificha, ukiwa mwanzo uone mwisho. Na wasifukuzwe mama lishe na wauza matunda kwenye vichwa vya daraja, wapangiwe sehemu yao. Macho ya mama mwenye sufuria ya maandazi ni ulinzi kuliko kamera. Bodaboda watataka kupita, tusidanganyane. Hilo lipangiwe usimamizi tangu siku ya kwanza, kwa makubaliano na mitaa yote miwili, kabla mtoto hajagongwa.

Na mwisho, liwekwe pale watu wanapovuka sasa. Wala pasitafutwe panapopendeza kwenye picha.

10.
Sasa kazi. Kulalamika tumeshamaliza.

Kisichohesabiwa hakipangiwi bajeti. Barabara ikitaka kupanuliwa wanakaa vijana na karatasi wanahesabu magari. Wewe na mimi hatujawahi kuhesabiwa. Basi tujihesabu. Chagueni kivuko kimoja mnachokijua, kaeni wawili wawili, saa kumi na mbili mpaka saa tatu asubuhi, siku ya kazi, na tena jioni. Andikeni: wanawake wenye watoto, wajawazito, wanafunzi wenye sare, wazee, baiskeli, mikokoteni. Andikeni na hela wanayolipa. Daftari la shilingi mia tano linatosha.

Peleka hesabu ile mkutano wa mtaa. Usiseme "tunaomba mtusaidie". Sema: "Watu kadhaa wanavuka hapa kila asubuhi, tunataka iingizwe kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba mtaa huu unahitaji kivuko cha miguu na baiskeli, na barua iende TARURA na kwa wasimamizi wa mradi wa bonde." Dai iandikwe. Isipoandikwa haikusemwa. Halafu wa ng'ambo wafanye hivyo hivyo, wiki hiyo hiyo, barua mbili zikutane mezani kwa mtu mmoja. Na msisubiri Mei. Mwaka wa serikali unaanza Julai 1, lakini mipango inaanza kupikwa miezi mingi kabla, ukija Mei unakuta sufuria imeshateremshwa.

Atakayekwambia wanawake wa uswahilini hawajui kupanga miundombinu, mkumbushe Hananasif. Miaka ya 1990 wakazi wa pale, wanawake wakiwemo, walipanga na kuchimba mitaro ya mtaa wao kwa mikono yao, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani. Hawakuwa na digrii. Walijua maji yanapita wapi, basi.

Wewe unajua watu wanapita wapi. Andika hapa chini: unavuka wapi, unakwenda wapi, na unalipa shilingi ngapi. Nitayakusanya yote kwa mtaa. Na kama unaye shemeji, mjomba au jirani anayefanya kazi kwenye ofisi nilizozitaja, mtumie posti zote kumi. Mwambie zimetoka kwa nesi.